Mwotaji na Mwenyeji Wake: Mafunzo ya Ndoto katika Hadithi za Kiswahili

Katika Kiswahili neno ndoto limebeba tahadhari. Anayepanga makubwa mikono mitupu huambiwa anaota ndoto za Alinacha, na msemo huo unatoka katika Alfu Lela Ulela, kwenye kisa cha ndugu wa kinyozi aliyerithi dirhamu 100 na kuzinunulia vyombo vya kioo. Alivipanga kapuni, akaketi kungoja wateja, na katika kungoja akaanza hesabu: atauza kwa faida, faida itazaa faida, atakuwa tajiri, ataposa binti wa waziri. Akamwona binti yule amesimama mbele yake kwa unyenyekevu, akimbembeleza amtazame. Kwa kiburi cha utajiri ambao hajaupata, akampiga teke. Mguu ulioinuka ulikuwa wa kweli, na vioo vyote vikavunjika.

Kisa hiki hutumiwa zaidi kuwaonya wavivu. Hata hivyo hesabu za Alinacha hazina kasoro kubwa. Ni hesabu za kila mchuuzi anayeanza na kidogo. Kilichovunja vioo ni teke, na teke lile lilielekezwa kwa mtu. Katika ndoto yake hakuna binadamu mwingine aliyepewa kazi isipokuwa kumwinamia.

Riwaya ya Kiswahili tangu karne ya 20 imelichukua jambo hilo kwa uzito. Ushujaa wa kuondoka nyumbani, unaosifiwa sana katika vitabu vya kutia moyo, hupewa kurasa chache. Kurasa nyingi huenda kwa wanaompokea mwotaji: ni nani anayefungua mlango, na anayeufungua anataka nini. Mwanafunzi anayeulizwa mafunzo ya riwaya akaandika kwamba tufuate ndoto zetu huwa ameiacha nusu kubwa ya kitabu.

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Karama anataka jambo moja tu, kwamba elimu ya sheria ifundishwe katika nchi yake. Kwa hilo Waziri Majivuno anamshitaki mbele ya mfalme kama mhalifu. Karama anajitetea kwa siku sita, na utetezi wake ni wa ajabu kwa kuwa hausemi mengi juu yake mwenyewe. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa mbali kutafuta la manufaa kwa Wasadikika, akazistahimili taabu za safari, akarudi na mapendekezo mazuri, akatupwa gerezani. Wajumbe sita, safari sita, mapokezi ya aina moja. Njia haikuwashinda hata mmoja wao. Waliangushwa na baraza la kwao, lililoona kila jipya kuwa tishio kwa vyeo. Msomaji wa Tanganyika wa miaka ile hakuhitaji kuelezwa baraza hilo linafanana na lipi.

Utubora Mkulima, iliyotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi huyo kufariki, inaligeuza swali. Utubora anaiacha kazi ya ukarani mjini, yenye mshahara ambao wengi waliutamani, akaenda shamba kulima. Wanaomjua wanashangaa. Kwa kipimo cha mji, ndoto ni kupanda ngazi, na huyu anashuka kwa hiari yake. Riwaya inamtetea kwa utulivu: kitakachomridhisha mtu hakipimwi kwa kile ambacho jirani yake angekichagua. Somo hili linastahili nafasi kubwa zaidi darasani, kwa kuwa vijana wengi hutafuta maisha ambayo wamechaguliwa na macho ya watu.

Kwa wahusika wanawake mambo ni mazito zaidi, maana kwao hata kizingiti cha nyumba ni mpaka. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Rosa analelewa Ukerewe chini ya baba, Zakaria, anayempiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Masomo yanamtoa nyumbani, na kwa watu wa nje anaonekana binti aliyefanikiwa. Lakini malezi ya kipigo yamemwachia woga mtupu, bila maarifa ya kuishi na watu. Woga ulipokwisha hakubakiwa na kitu cha kumshika, na mwisho wake ni kujiua. Maimuna wa Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed, anatoka katika nyumba iliyofungwa vilevile, ya Bwana Maksuudi, na anayemfungulia njia ni Bi Farashuu, mwenye kisasi chake na baba huyo. Uhuru aliofunguliwa na mkono wenye chuki unamfikisha kwenye ulevi na uimbaji wa baa. Kumlaumu Maimuna kwa kutoroka ni kusoma nusu ya hadithi.

Yasmin wa Vuta n'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, anapaswa kusomwa sambamba na hao wawili. Ana miaka 15 anapoozwa kwa Bwana Raza, mwenye miaka 52, na kupelekwa Mombasa. Hana ndoto yoyote kubwa. Anachokijua ni kwamba hayataki maisha yale, na kutoyataka huko kunatosha kumrudisha Unguja peke yake. Hapo ndipo milango inapohesabiwa. Jamaa zake wanamkataa kwa ajili ya aibu aliyowaletea. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, maskini, asiye wa kabila lake wala wa tabaka lake, ambaye chumba chake ndicho mali yake. Mwajuma hamdai Yasmin chochote wala hamgeuzi silaha ya ugomvi wake na mtu. Tofauti kati ya mwisho wa Maimuna na wa Yasmin imesimama kwa kiasi kikubwa hapo. Ni katika maisha hayo ya Ng'ambo pia ambapo Yasmin anakutana na Denge, mpigania uhuru, na kutaka kwake kuwa huru na ndoa kunakutana na kutaka kwa watu kuwa huru na ukoloni. Ndoto yake inakua baada ya kufika. Alipoondoka ilikuwa bado haina jina. Mwaka 2021 kisa hiki kilifanywa filamu na Amil Shivji.

Kuna pia ndoto inayoshindana na wakati. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975), riwaya nyingine ya Kezilahabi, anatapanya urithi wake mjini, kisha anajirudi na kuwa mkulima tajiri. Amejirekebisha, lakini siasa ya ujamaa inaichukua ardhi yake, naye anaishia kuua kiongozi na kunyongwa. Kezilahabi hampi msomaji faraja, na ni vyema asitafutiwe faraja kwa nguvu.

Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012) inarudisha suala hili mahali lilipoanzia, kwa mwotaji na mwenyeji. Amani ameandika riwaya, na mswada wake umeangukia mikononi mwa Mwalimu Majisifu, aliyeuchapisha kwa jina lake na kusifiwa. Amani anafika Sokomoko pamoja na mwenzake Imani, bila cheo wala jamaa. Anapata kazi ya kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, ndugu yake Majisifu, wakati Imani anaajiriwa kwa Majisifu mwenyewe, kuwatunza watoto wake wenye ulemavu. Mwandishi wa kweli anachunga mifugo huku sifa za kitabu chake zikienda kwa mwingine, na mwenzake anawaogesha na kuwalisha watoto wa mwizi huyo. Imani anaifanya kazi hiyo kwa upendo.