Dawa Ipitayo Mshipani
Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya dawa zitiwazo katika mshipa wa damu. Sisi si wauguzi. Kazi yetu ni kalamu na daftari. Lakini jambo lililotupata tulipokwenda kumtazama mwanachama mwenzetu hospitalini lilitulazimu kuuliza, nao wauguzi wakatueleza kwa upole.

Tulimkuta mgonjwa wetu ametundikiwa maji, matone yakidondoka polepole. Mmoja wetu, kwa huruma tu, akakisogeza kile kigurudumu cha kwenye mpira ili maji yaende mbio. Mwuguzi akaja karibu akikimbia, akakirudisha, akatukemea. Tulichukia, tukamwona mwenye kiburi. Leo twakiri kwamba kosa lilikuwa letu.

Mgonjwa yule alikuwa ameharisha siku nyingi, na katika maji yake ilikuwa imechanganywa kloridi ya potasiamu. Mwili wauhitaji potasiamu, lakini ikiingia kwa wingi na kwa ghafula yaweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo kichupa chake kikali hakipigwi mshipani kamwe kama kilivyo. Hutiwa kwanza katika maji mengi, na mfuko hupinduliwa mara kadhaa, dawa isije ikakaa mahali pamoja ikatangulia kuingia yote. Kisha huandikwa juu ya mfuko jina la mgonjwa, dawa, kiasi na saa.

Hata mwendo wa matone ni hesabu. Mililita 1,000 zikiamriwa ziingie kwa saa 8, na mpira ukiwa ni wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 hivi kwa dakika. Mwuguzi huyahesabu akitazama saa yake. Sisi makarani twaijua hesabu, wala tusingependa mgeni aingie ofisini akabadili tarakimu zetu kwa huruma.

Kidonge hukaa tumboni kwanza. Dawa ya mshipa hufika moyoni mara moja, wala haiitwi ikarudi. Hii ndiyo sababu ya ule ukawiaji unaotuudhi. Mtoto mwenye malaria kali hupigwa artesuneti. Ile iliyozoeleka ya miligramu 60 ni unga. Huyeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu na kutikiswa mpaka iwe angavu kabisa, ndipo huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi. Ikibaki na ukungu hutupwa, na iliyo tayari haipaswi kupita saa moja. Mzazi amwonaye mwuguzi akitikisa kichupa na kukiinua kwenye mwanga hudhani anacheza, kumbe anatazama kama dawa inafaa kumwingia mwanawe.

Wengine hununa kwa kuulizwa jina kila mara, hali mwuguzi amewajua tangu jana. Na wakilala watu wawili wa jina moja katika wodi moja? Jibuni tu. Tena penye sindano pakivimba au pakiuma, semeni upesi, kwani huenda dawa inamwagika nje ya mshipa.

Twalo neno moja la kunung'unika. Kwa dawa za hatari hutakiwa mwuguzi wa pili azisome na kuzipima upya kabla hazijatolewa. Usiku mwuguzi akiachwa peke yake na wodi nzima, huyo wa pili atatoka wapi? Lawama hiyo tusimtupie aliye zamu. Tuipeleke kwa wenye kuajiri, na Halmashauri imekubali kuandika barua.

Tangu sasa watakaotumwa kuwatazama wagonjwa wataambiwa kabla ya kuondoka: wasiguse mpira wala chupa, na wasimsemeshe mwuguzi anapovuta dawa kwa bomba la sindano. Matunda na salamu wapeleke kama kawaida. Sasa twamwachia nafasi Bwana Mwekahazina asome hesabu zake.