Shahada ni Ushahidi wa Nini?

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, nanyi vijana mliotoka Virginia, Maryland na mbali zaidi,

Nimeombwa nizungumzie maana ya shahada ya kwanza. Neno lenyewe linatudokezea: shahada na shahidi ni ndugu wa tumbo moja. Karatasi ile husimama mbele ya watu wasiokujua, ikakushuhudia. Lakini shahidi akivuka bahari huhojiwa upya.

Chuo kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria. Uhuru ulikuwa mlangoni, na watu wa kushika ofisi walikuwa wachache mno. Shahada ikawa amana ya umma. Azimio la Musoma la 1974 hata lilitaka kijana afanye kazi kwanza, ndipo aende chuoni. Wengi wetu tulipohitimu tulipangiwa kazi serikalini, wala hakuna aliyetuuliza shahada yetu ni ya miaka mingapi.

Hapa Washington huulizwa. Mpwa wangu, mhitimu wa Dar, aliambiwa na mtathmini wa vyeti kwamba miaka mitatu si minne. Sasa anapakia mizigo usiku. Naomba tuhesabu pamoja: kwetu ni miaka 7 ya msingi, 4 na 2 ya sekondari, na 3 ya chuo, jumla 16. Hapa ni 12 na 4, jumla 16. Wajukuu waliokaa pale mbele wanaweza kuamua kesi hii. Wapo watathmini wanaovipa kidato cha tano na cha sita haki yake. Basi apeleke kwao pia cheti cha kidato cha sita, si matokeo ya chuo peke yake.

Sisemi kwamba asiye na shahada amepungukiwa utu. Maryland yenyewe ilitangaza mwaka 2022 kwamba maelfu ya kazi zake hazitadai tena shahada ya miaka minne. Lakini aliyeisotea asinyang'anywe.

Mfuko wetu wa elimu humsaidia mtoto anayeanza chuo, na ni vyema. Haujapata kumsaidia mtu mzima aliyefika na shahada mkobani. Natoa hoja kwamba ulipe ada ya tathmini, hata ya pili, kwa kila ndugu wa namna hiyo. Maandishi yako kwa Katibu. Naomba tupige kura kabla ya pilau, maana baada ya hapo akidi itakuwa imelala.