Mashine ya Mvuke ya Bei Nafuu au ya Kitaalamu: Mada kwa Vikundi vya Kuosha Magari

(Yafuatayo ni maneno ya mada iliyoandaliwa kwa vikundi vya vijana vya kuosha magari vinavyokusudia kuomba mkopo wa halmashauri.)



Anayeandika andiko la mradi wa kuosha magari siku hizi hupenda kuweka mashine ya mvuke juu kabisa ya orodha ya vifaa. Sababu inaeleweka. Magari ya wakandarasi wa migodi, Noah za abiria kati ya Katoro na Geita, na malori yanayopita Isaka kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo hayachafuki kwa nje tu. Vumbi jekundu huingia kwenye viti, kwenye mikanda, kwenye matundu ya kiyoyozi, na mwenye gari yuko tayari kulipa zaidi kwa usafi wa ndani kuliko kwa kumwagiwa maji nje. Mvuke hufika mahali ambapo kitambaa hakifiki, na viti havibaki vimelowa siku nzima.

Swali linalobaki ni mashine ipi inunuliwe: ile ndogo inayouzwa kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, au ile ya kitaalamu yenye boila kubwa ambayo bei yake huizidi ndogo mara nyingi. Swali hili si la anasa. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 kwa ajili ya dosari za usimamizi na marejesho, ukarejeshwa mwaka 2024. Mkopo usio na riba bado ni deni, tena ni deni la kikundi kizima. Mashine ikifa mwezi wa tatu, marejesho ya mwezi wa nne yanadaiwa vilevile.

Tofauti ya kweli kati ya mashine hizi haimo katika rangi, wala katika namba ya baa iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Imo katika kiasi cha mvuke zinachotoa kwa saa, na kiasi hicho hutawaliwa na nguvu ya moto ulio chini ya maji. Kuigeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunahitaji takriban uniti 0.7 za umeme, uniti zile zile zinazonunuliwa kwenye LUKU. Mashine ya wati 1,500 inatumia uniti 1.5 kwa saa. Kwa hiyo haiwezi kutoa mvuke wa zaidi ya lita 2 hivi za maji kwa saa. Soketi ya kawaida ya ukutani ya ampea 13, katika umeme wetu wa volti 230, inabeba karibu kilowati 3. Kikomo chake ni lita 4. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuikwepa hesabu hiyo. Muuzaji akisema kwamba mashine yake inachomekwa kwenye soketi ya kawaida na inatoa mvuke wa lita 10 kwa saa, kikundi kimwachie mashine yake.

Nayo baa? Baa hueleza mgandamizo, na mgandamizo huendana na joto. Kwenye geji ya baa 4 mvuke ndani ya boila una nyuzi 150 hivi za Selsiasi. Kwenye baa 8 unafika takriban 175. Joto hilo lina faida katika kulegeza grisi ya injini. Lakini baa nyingi zisizo na mvuke mwingi ni kama mtu mwenye sauti kubwa na pumzi fupi: hupasua mara moja, kisha hunyamaza.

Mashine ndogo nyingi ni birika lililofungwa. Ina tangi la lita 1 na nusu au chini ya hapo. Likiisha, fundi huzima umeme, husubiri mgandamizo utoke wote, hufungua kifuniko, hujaza, kisha husubiri tena dakika 9 au 10 maji yapate moto. Hapo kati ndipo ajali hutokea, maana kijana anayeharakishwa na mteja hufungua kifuniko kabla ya wakati na mvuke ukampiga usoni. Hata bila ajali, kujaza tangi tena na tena hula muda wa kazi isiyolipwa kwa siku yenye magari kadhaa.

Pamoja na hayo, mashine ndogo isidharauliwe. Kikundi kinachosafisha ndani ya magari mawili au matatu kwa siku, katika mji mdogo, hakina sababu ya kubeba deni la boila kubwa. Mashine ya wati 1,500 hadi 2,000, yenye valvu ya usalama inayoonekana na oringi zinazopatikana madukani, itakitosha kwa mwaka wa kwanza, na itakifundisha kama wateja wa usafi wa ndani wapo kweli au walikuwapo kwenye andiko tu.

Mashine ya kitaalamu hulipa pale penye mkataba wa magari mengi yanayokuja kila siku, mvua au jua. Hapo mvuke wa lita 20 kwa saa si mwingi. Lakini kwa umeme, lita 20 zinahitaji kilowati 15 hivi. Huo ni umeme wa njia tatu, wenye gharama zake za kuunganishwa, na mara nyingi haupo mahali kikundi kilipopangisha. Ndiyo maana mashine nyingi za kiwango hicho huchoma dizeli, karibu lita 2 kwa saa zikifanya kazi mfululizo. Mchanganuo wa biashara usioonyesha dizeli hiyo haujakamilika.

Kuna jambo linalosahaulika nalo ni maji. Mvuke ukitoka, chumvi iliyokuwa ndani ya maji hubaki kwenye boila na kuganda kama gamba. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yanavutwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga kupitia mradi unaosimamiwa na KASHWASA, na maji ya ziwa hilo yana chumvi kidogo. Maji ya visima katika sehemu nyingi za mkoa si hivyo. Kina mama wanajua kwa kutazama ndani ya birika. Mashine ya kitaalamu inayopitisha maji kwenye koili nyembamba huumizwa na gamba hilo upesi kuliko birika la bei nafuu. Kwa hiyo kikundi kinachotegemea kisima, kikinunua mashine ghali bila kichujio cha kulainisha maji, kimenunua hasara. Maji ya bomba au ya mvua yaliyochujwa yatumike, na tangi lisafishwe kwa siki au asidi ya sitriki kwa kadiri ya maelekezo ya kiwanda.

Mvuke, vilevile, hausombi tope. Udongo mweusi wa mbuga ukishika chini ya gari unataka maji yanayotiririka, na mchanga wa barabara za changarawe ukisuguliwa na kitambaa chenye mvuke huchora rangi ya gari. Mashine ya presha hutumia lita 6 hadi 8 kwa dakika, na kwa gari lililotoka machimboni hakuna njia ya mkato. Kikundi ambacho hakina bado mashine ya presha na kifyonza vumbi kinunue hivyo kwanza. Mvuke uje baadaye.

Lipo onyo kwa ukanda huu wa dhahabu, na hilo halimo katika kitabu cha maelekezo cha mashine yoyote. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu, zebaki hutumika kukamatia dhahabu. Gari lililobeba marudio, vyombo vya mwaloni au nguo za kazi huenda lina zebaki kwenye zulia na chini ya viti. Zebaki hugeuka hewa hata bila kupashwa moto. Ikipigwa mvuke wa nyuzi mia na zaidi ndani ya gari, hugeuka kwa kasi, na anayeivuta ni kijana aliyeinama kwenye kiti cha nyuma. Hewa hiyo haina harufu wala rangi, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Huharibu mishipa ya fahamu na figo. Swali la kwanza kwa dereva liwe: gari hili limebeba nini? Jibu likiwa ni mizigo ya mwaloni, ndani ya gari hilo kusiingizwe mvuke wala kifyonza vumbi, hata mteja akiongeza malipo.

Kuhusu sheria, maneno ni machache. Boila ni chombo cha mgandamizo, na chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ukaguzi wake ni wa OSHA. Ofisi hiyo iulizwe kabla ya kulipia mashine kubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira hayo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Maji ya kusafishia injini ni machache kwa mvuke, ila yana grisi nyingi, hivyo shimo la kutenganisha mafuta linahitajika hata kwa kikundi kidogo.

Ankara kifani inayoambatanishwa na andiko ioneshe wati za mashine, ujazo wa tangi, kilo za mvuke kwa saa, aina ya umeme au mafuta, na mahali vipuri vinapopatikana, iwe ni Kahama, Geita au Mwanza. Kabla ya kuichukua ankara hiyo, wanachama wawili waende dukani na chombo cha kupimia. Wapime maji yanayoingia kwenye tangi, mashine iwashwe, na tangu mvuke uanze kutoka iachwe ifanye kazi nusu saa mbele yao, kisha ikipoa wapime yaliyobaki. Tofauti izidishwe mara mbili, iandikwe kwenye karatasi pamoja na jina la duka na tarehe, na karatasi hiyo ifike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata pamoja na andiko.