Kutu Iko Ndani ya Boriti: Kumrudisha Ndugu Aliyeanguka

Somo: Wagalatia 6:1, Marko 1:19, Zaburi 51:6

Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo makanisa yetu mengi yanaifanya kwa haraka: kumrudisha mtu aliyeanguka. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba mtu akikutwa katika kosa, wale wanaoongozwa na Roho wamtengeneze awe sawa tena, wafanye hivyo kwa upole, na kila mmoja ajichunge asije naye akanaswa. Neno alilolitumia hapo kwa Kiyunani ndilo Marko analolitumia kwa Yakobo na Yohana, walipokuwa ndani ya mashua wakitengeneza nyavu zao. Tulifundishwa hilo kwenye chuo cha Biblia, na halijatutoka. Ni neno la mtu aliyeketi chini, kitu kilichopasuka kiko magotini pake, na sindano iko mkononi.

Basi leo twende kwa fundi. Tunayemtaka yuko mbali, Uingereza. Kule kuna watu ambao ufundi si kazi yao: walimu, makarani, wastaafu. Mtu kama huyo ananunua motokari ndogo ya zamani, ya wale wapenda mwendo, imeoza kwa kutu, haitembei. Anaisukuma mpaka ndani ya garaji ya nyumba yake na kuitengeneza Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka miwili, mitatu, wengine kumi. Hapa kwetu motokari inatengenezwa kusudi kesho ibebe mihogo na abiria. Ikikataa kabisa, inavunjwa na kuuzwa vipande. Wale Waingereza wanahangaikia kitu ambacho hesabu ya pesa inasema kitupwe. Mara nyingi gharama ya kuitengeneza inapita bei ambayo wangeiuza. Wanafanya hivyo kwa sababu wanaipenda, na waliipenda ikiwa bado imeoza. Anayejua Warumi 5:8 amekwisha kuelewa kwa nini tumemchagua fundi huyu.

Tuchukue aina moja, MGB. Ilitengenezwa katika mji wa Abingdon tangu 1962 mpaka 1980, na pamoja na ndugu yake mwenye paa la chuma zilitoka zaidi ya 500,000. Ya paa la turubai ni ya watu wawili tu, iko chini karibu na barabara. Haikuwa ya matajiri wakubwa. Ilitengenezwa kwa watu wa kawaida waliotaka kufurahia mwendo. Zote zilizobaki leo zimepita miaka 40.

Sasa sikiliza vizuri namna ilivyojengwa. Lori lina shasi, ile mifupa ya chuma kizito chini, na karoseri inawekwa juu yake. MGB haina shasi ya namna hiyo. Nguvu yake iko ndani ya karoseri yenyewe, na zaidi ya yote iko kwenye boriti mbili zinazopita chini ya milango, moja kushoto, moja kulia. Boriti hizo ni za bati lililokunjwa na kuunganishwa, ndani ziko tupu kama sanduku. Kwa kuwa juu hakuna paa la chuma la kusaidia, ndizo zinazoshika sehemu ya mbele na ya nyuma zisiachane.

Uingereza wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Maji yale ya chumvi yanarushwa na magurudumu, yanaingia ndani ya boriti na kukaa humo pamoja na matope. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu inazaliwa, chumvi inaiharakisha. Inaanza ndani, mahali ambapo kitambaa cha mwenye motokari hakifiki kamwe. Yeye anaendelea kuosha na kung'arisha rangi nje. Siku moja anaona kipele kidogo juu ya rangi, sawa na punje ya haragi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo imesukuma rangi. Anagusa kwa turnevisi, na turnevisi inazama mpaka mpini. Kipele kilitokea leo, lakini ulaji ulikuwa wa miaka. Daudi katika Zaburi 51 haishii kwenye lile tendo la usiku mmoja. Anakubali kwamba Mungu anatafuta kweli mahali pa ndani, pasipoonekana. Ndugu akianguka, wazee wa kanisa wanauliza siku gani, saa ngapi, na nani aliyeona. Waulize pia maji yaliingia lini, na kwa nini hakuna aliyemtembelea miaka ile yote.

Motokari kama hiyo inaweza kuharibiwa na fundi kwa njia mbili, na makanisa yetu yanazijua zote mbili.

Ya kwanza ni mastiki. Tolie wetu hapa wanaijua sana. Unajaza shimo, unasugua, unapiga rangi, na motokari inang'aa mpaka msimu wa mvua. Kwenye MGB kuna ujanja mbaya zaidi: wanachukua bati jipya la boriti na kulichomelea juu ya boriti iliyooza, kama shati safi juu ya kidonda. Kutu inaendelea kula chini yake kwa utulivu. Mnunuzi mwenye akili anakuja na sumaku ndogo. Ikikataa kushika, anajua hapo chini ni mastiki, si chuma. Kanisani mastiki ina majina mazuri. Tunaiita amani ya kanisa, ama heshima ya familia, ama kumfunika ndugu kwa upendo. Kwa kawaida inapakwa kwa mtu mwenye kutoa sadaka kubwa, ama mwenye mjomba katika baraza la wazee. Na kuna jambo tunataka lisikiwe wazi: mtu akimuumiza mtoto, ama akimpiga mke wake, upole wa Wagalatia hauna maana ya kunyamaza. Jambo hilo linakwenda mbele ya sheria pia, na kanisa linasimama kwanza na aliyeumizwa.

Ya pili ni bidii ya mwanafunzi. Huyu amechukia kutu kwa haki. Anainua motokari kwa kriki, anachukua mashine ya kukatia, na siku hiyo hiyo anakata boriti ya kushoto na ya kulia. Alichosahau ni kwamba boriti zile zilikuwa bado zinabeba, hata katika uozo wao. Motokari inazama katikati, kidogo tu, labda milimita chache. Anachomelea boriti mpya, nzuri kabisa. Halafu analeta mlango, na mlango haufungi. Hautafunga tena, maana amekwisha kuuimarisha mpindo wenyewe kwa chuma kipya.

Ndugu na dada, tumeona milango hiyo. Binti wa kwaya amepata mimba. Jumapili inayofuata jina lake linasomwa mbele ya watu wote: ametoka kwaya, ametoka Meza ya Bwana, ametoka kikundi cha vijana, na mama yake anaondolewa kwa wamama wa maombi kwa sababu ameshindwa kulea. Vyote kwa siku moja. Kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga gitaa hapo hapo madhabahuni, kwa sababu yeye tumbo lake halionekani. Baada ya mwaka kanisa linasema, sasa tumemsamehe, arudi. Mlango haufungi. Yuko kwingine, ama hayuko mahali popote, na mtoto wake anakua akijua kwamba kanisa ni nyumba ambamo walimtaja kabla hajazaliwa.

Fundi mzuri anafanya namna gani? Kabla ya kukata chochote, anaweka motokari iwe sawa juu ya mategemeo. Anachukua vyuma na kuvifunga katikati ya nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele mpaka nguzo ya nyuma, ili zisikaribiane wala kuachana. Anapima na kuandika vipimo. Halafu anakata upande mmoja tu, akaumaliza, ndipo aende kwa mwingine. Sisi tunasema hivi kwa wazee na mashemasi: kabla hujasoma jina la mtu mbele ya watu, tafuta vyuma vyake. Nani atakwenda nyumbani kwake Jumatatu? Wamama wawili gani watakaa naye siku akitamani kukimbia mji? Nani atakaa na baba yake, ambaye hasira yake tunaijua? Kama majina hayo hayapo, mashine ya kukatia ingoje. Na ukikata, kata upande mmoja. Anaweza kutoka kwenye kipaza sauti bila kutoka kwenye benchi. Anaweza kukosa cheo na bado apewe kazi ya kupika siku ya mkutano, mahali ambapo mtu anamwita jina lake.

Lakini akate kweli. Hapa hatutaki mtu atusikie vibaya. Kutu inakatwa mpaka chuma kizima, kile kinachong'aa; anayebakiza ukingo uliooza anachomelea juu ya unga, na moto hautashika. Kijana wa gitaa aitwe pia, akae chini, aseme mwenyewe. Na aliyekula pesa za kanisa aeleze hesabu yote, si ile nusu iliyojulikana.

Kisha kuna moto. Bati la motokari ni jembamba, karibu milimita moja. Anayeanza akiweka moto mwingi mahali pamoja, anatoboa tundu, ama bati linajikunja. Kwa hiyo wanamwambia afanye mazoezi kwanza kwenye vipande vya kutupwa, si kwenye boriti. Na akifika kwenye boriti, apige nukta moja fupi, aende mbali kidogo apige nyingine, aache ipoe, arudi. Ndiyo maana tunaamini Paulo alipotaja upole hakuwa anapunguza ukali wa kazi. Alikuwa anaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika. Maneno ya kweli, mafupi, leo. Halafu acha mtu alale usingizi, urudi Alhamisi. Kikao cha saa sita usiku, wazee tisa mbele ya mtu mmoja anayelia, kinatoboa bati.

Kabla ya kumaliza, fundi anarudisha mlango kwa kujaribu, anafungua na kufunga, anatazama nafasi pembeni. Na sisi tujaribu kwa mambo madogo. Mweka hazina aliyetubu anapokelewa Mezani kwa furaha. Ufunguo wa sanduku ni jambo lingine, na pengine hataushika tena, na hilo halimpunguzii wokovu wake hata kidogo. Wengi wanachanganya mambo haya mawili, ndiyo maana wengine wanakataa kusamehe kabisa, wakiogopa sanduku.

Kuna ugonjwa mwingine unaoua motokari hizo, nao ni huu: mtu anafungua kila bulo, anajaza makartoni bila kuandika ni ya wapi, halafu anachoka. Miaka inapita. Mwishowe anaiuza ikiwa vipande ndani ya sanduku, na anayeinunua hajui kipi kinaingia wapi. Wenye busara wanapiga picha kila hatua na kuandika jina juu ya kila mfuko. Sasa fungueni kitabu cha kanisa lenu. Wako wangapi walioandikwa kwamba wamesimamishwa, na hakuna tarehe ya kurudi, wala jina la mtu wa kuwafuata? Katekista aliyeandika amehamia mji mwingine, mzee aliyejua kesi amefariki. Yule ndugu anangoja, ama ameacha kungoja. Hatujui namna ya kuliita jambo hilo nidhamu.

Kuna wanaosema ni afadhali kuanza na watu wapya. Hata kwa MGB hilo linawezekana: tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage inatengeneza karoseri mpya kabisa, kwa vyombo vilevile vya kiwanda cha zamani. Ni nzuri. Ni za bati lile lile pia, na chumvi ya barabarani inazijua.

Na neno moja kwa sisi wa siku nyingi katika wokovu. Tangu 2018, sheria ya Uingereza inaziruhusu motokari nyingi zilizopita miaka 40, kama hazikubadilishwa sana, zisiende kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Mwenyewe bado anadaiwa aiendeshe ikiwa salama, lakini hakuna tena mtu wa kulala chini yake kila mwaka na taa. Wachungaji, wazee, mama wa maombi wa miaka 30: nani analala chini yetu na taa? Paulo anapowaambia wanaomrudisha mwenzao wajichunge, anazungumza na watu ambao hakuna anayewakagua. Tafuta mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukugusa kwa turnevisi.

Wiki hii tunawaomba wazee wa kila parokia wachague jina moja tu katika kitabu, la zamani kuliko yote, na watu wawili waende. Wasiende na barua. Waende na sabuni ama unga kidogo, wakae, waulize habari za watoto. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutasoma mstari wa 2 na wa 5 pamoja, maana wengi mmetuandikia mkiuliza namna gani Paulo anaagiza tubebeane mizigo, halafu anasema kila mtu atabeba wake.