Vumbi la Salfa, Moshi wa Jiko na Njia ya Pumzi

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya vumbi na moshi, na yale yatendekayo ndani ya miili yetu vitu hivyo viingiapo. Twasema hasa na watu wa Madimba na vijiji vya mwambao hata Mto Ruvuma, maana kila mwaka msimu wa kupulizia mikorosho huja na kikohozi kile kile, nasi huambiana ya kuwa ni baridi ya kusi.

Mikorosho ianzapo kuchanua, mnamo mwezi wa Juni, ugonjwa wa ubwiriunga hushika maua na majani machanga, ukayafunika unga mweupe hata maua yakakauka yasizae. Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga. Mkulima huamka alfajiri, upepo ungali umetulia na majani yangali na umande, ili unga upate kushika. Kisha hupuliza kwa bomba. Salfa imeokoa korosho zetu, wala hatusemi iachwe. Lakini mtazameni kijana ashikaye bomba: kope zake zimekuwa za manjano, na tundu za pua vilevile. Kilichomshika kope kimemwingia na ndani.

Basi huko ndani kuna nini? Njia ya pumzi, tangu puani hata matawi ya mapafu, imetandikwa utando laini wenye majimaji. Utando huo umejengwa kwa chembe hai zisizoonekana kwa macho, ziitwazo seli, nazo si za namna moja. Ziko zitoazo ute wa kunata, mfano wa ulimbo wa kutegea ndege. Vumbi likipita hunaswa. Ziko nyingine zenye vinyweleo vidogo mno, navyo hupiga pamoja kama makasia, mara kumi na zaidi kwa sekunde moja, vikiusukuma ute ule na taka zake juu hata kooni. Hapo twaumeza au twautema pasipo kufikiri. Chini yake ziko seli changa, ambazo ni akiba: ya juu ikifa, changa hukua ikashika mahali pake. Kazi hii haikomi usiku wala mchana.

Vumbi likiwa jingi, au likiwa kali kama salfa, utando huwashwa ukavimba. Ute huongezeka, na vinyweleo hulegea. Vingine hufupika au kukatika. Mzigo umezidi na wachukuzi wamepungua, hivyo njia iliyobaki ya kuutoa ni kukohoa. Ndiyo maana ya kile kikohozi cha alfajiri cha mvuta tumbako, ambacho watu hukidhani tabia ya uzee. Mambo yakiendelea kwa miaka mingi, seli changa hazikui tena zikawa za vinyweleo, bali huwa bapa, mfano wa ngozi ya nje. Utando wa namna hiyo hustahimili moshi, lakini haufagii. Na ni katika utando uliogeuka hivyo ndimo saratani iwezamo kuanza.

Chembe nyingi za salfa ni kubwa kidogo, kwa hiyo hunaswa zaidi puani na kooni. Moshi wa kuni wapita hatua hiyo. Chembe zake nyingi hazifikii hata sehemu ya ishirini ya unene wa unywele mmoja, nazo huteleza kupita mitego yote mpaka vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali pasipo na vinyweleo vya kufagia. Tena salfa ni ya msimu. Jiko ni la kila siku, na mtoto yu mgongoni mwa mamaye. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 200,000.

Tangu mwaka 2015 gesi ya Mnazi Bay husafishwa hapa Madimba, ikapelekwa kwa bomba hata Dar es Salaam, na huku masufuria mengi ya Madimba yangali juu ya mafiga. (Gesi ya mitungi ya dukani ni ya namna nyingine, nayo huletwa nchini kwa meli.) Mwaka 2024 Serikali ilitangaza mkakati wa kwamba ifikapo 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Miaka kumi ni mingi kwa mtoto wa mgongoni. Kwa sasa, akina mama, kuni na ziwe kavu, jiko liwe na mahali pa kutokea moshi, na mtoto akae mbali nalo.

Nanyi wenye mikorosho, upepo uwe mgongoni mwenu. Kipande cha kanga puani huzuia chembe kubwa tu. Barakoa inayobana uso ni bora. Mwenye pumu asishike bomba kabisa, na baba aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Kikohozi kikizidi wiki mbili, au kikiwa na damu, msiisingizie salfa: huenda ni kifua kikuu. Mgonjwa aende zahanati akapimwe makohozi.