Wati za Kompyuta

Vijana wa mjini wananunua kompyuta za mezani zilizokwisha kuundwa kiwandani, kisha wanapandisha kikomo cha umeme wa prosesa ili ikimbie. Sisemi wasifanye. Prosesa ya Intel Core i7-12700 imepangiwa wati 65 za msingi, na huruhusiwa kufika 180. Lakini muundaji wa kompyuta ile alichagua feni na pawa saplai za kutosha kikomo chake tu, tena kwa kubana gharama! Aliyeinunua kwa mkopo wa SACCOS asirukie 180. Apandishe wati kumi kumi, aipe kazi nzito nusu saa, atazame joto. Likifika nyuzi 100, prosesa yenyewe hupunguza mwendo: umeme umeongeza, kasi hukupata. Hapo arudishe chini, au anunue feni kubwa kwanza.