Daftari la Mtoto Avujaye Damu

Leo tutazungumza juu ya hemofilia, yaani upungufu wa kitu kigandishacho damu. Mtoto huzaliwa nayo. Aghalabu ni wa kiume, na mara nyingi huirithi kwa mamaye. Si uchawi, wala mama hana kosa.

Mtoto huyu akijikwaa shambani kwenye ngoro, damu yaweza kuvujia ndani ya goti, wala usiione. Goti huvimba, huwa la moto, tena huuma. Likivujiwa mara kwa mara huharibika.

Basi, nunua daftari. Kila jioni andika tarehe, mahali palipovuja, saa ilipoanza, sababu, na dawa aliyopewa. Siku njema andika "hakuna", ijulikane hukusahau. Daktari humwona mtoto siku moja tu. Siku nyingine zimo daftarini. Akisoma goti lile lile mara tatu, atatambua kiungo kilicho hatarini.

Aspirini usimpe kamwe. Akigonga kichwa, usingoje jioni: mkimbize hospitali. Akipelekwa Muhimbili, Dar es Salaam, daftari na liende naye.